Milioni 325 za Uganda: Yanayosemwa Goma na Yaliyoandikwa La Haye

Hukumu ilisomwa La Haye tarehe 9 Februari 2022, na tangu siku hiyo dola milioni 325 za fidia ya Uganda zimegawanywa Goma mara nyingi sana, kwa mdomo. Motari wanaosubiri abiria rond-point Signers wanazigawa. Wafanyabiashara wa Birere wanazigawa. Hata wasomi, ambao wangeweza kuifungua hukumu yenyewe na kuisoma, wanazigawa kwa kusikia tu. Kila anayegawa ana madai yake, na mengi kati ya hayo hayasimami. Nitayajibu moja baada ya jingine. Mengine yatachukua nafasi kubwa, mengine yatapata mistari michache kwa sababu hayastahili zaidi.

Tuanze na kesi yenyewe ilivyokwenda. Tarehe 23 Juni 1999 Kongo ilizishtaki Uganda, Rwanda na Burundi mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoko La Haye, kila nchi na faili lake. Mwanzoni mwa 2001 ikayaondoa mafaili ya Rwanda na Burundi. La Uganda likaendelea hadi 19 Desemba 2005, majaji walipoamua kwamba Uganda ilivunja sheria ya kimataifa: iliingiza jeshi lake, ikaikalia Ituri, askari wake wakaua na kutesa raia na kupora madini. Serikali mbili ziliambiwa zikae zikubaliane juu ya fidia. Zikakaa miaka 10 bila kukubaliana. Mwaka 2015 Kongo ikarudi mahakamani, na safari hii majaji wakapanga kiasi wenyewe: milioni 225 kwa madhara waliyopata watu, milioni 40 kwa mali, milioni 60 kwa maliasili. Malipo yawe awamu 5 za milioni 65, kila tarehe 1 Septemba, kuanzia 2022 hadi 2026. Awamu ikichelewa, inazaa riba ya asilimia 6 kwa mwaka.

"Uganda haijalipa hata senti."

Imelipa. Awamu ya kwanza ya milioni 65 iliingia Kinshasa Septemba 2022, kwa wakati. Kampala ililalamika hadharani kwamba hukumu haikuwa ya haki, kisha ikalipa, na malipo yameendelea baada ya hapo. Huu ni uongo mdogo lakini una madhara, kwa sababu mhanga anayeamini kwamba pesa haijavuka mpaka haendi kuuliza iko wapi baada ya kuvuka.

"Pesa ni ya Wakongo wote, basi na Goma ina fungu lake."

Hapa ndipo ugomvi ulipo, na najua jibu halitapendwa na majirani zangu. Goma haimo. Si kwa sababu watu wa Goma hawakuteseka, ila kwa sababu aliyekuwa Goma wakati huo hakuwa Uganda.

Tukumbuke ramani ya vita ile. Uasi ulianzia hapa hapa tarehe 2 Agosti 1998, na kundi la waasi la RCD likajitangaza mwezi huo. Mei 1999 RCD ikapasuka. Upande mmoja ukabaki Goma chini ya kivuli cha Kigali, ukaitwa RCD-Goma. Upande wa kiongozi wake Wamba dia Wamba ukahamia Kisangani, kisha Bunia, ukiegemea Kampala, na baadaye Mbusa Nyamwisi akatawala Beni na Butembo kutoka upande huo. Mstari uliogawanya maeneo ya majeshi mawili ulipita ndani ya Kivu ya Kaskazini yenyewe: Grand Nord, yaani Beni na Butembo, kwa Waganda; Goma, Rutshuru na Masisi kwa Wanyarwanda. Ituri ndiyo iliyokaliwa wazi kabisa. Juni 1999 Jenerali James Kazini wa jeshi la Uganda aliunda mkoa mpya wa Kibali-Ituri na kumteua gavana wake, Adèle Lotsove, kama mtu anayepanga viti nyumbani kwake. La Haye kitendo hicho kimoja kilikuwa ushahidi mzito kwamba Uganda ilikuwa mtawala wa Ituri, na mtawala hujibu hata kwa maovu ambayo askari wake hawakuyatenda lakini waliyaacha yatendeke.

Ndiyo maana hukumu inaitaja Ituri kwanza, kisha Kisangani ya vita ya siku sita, ile ya tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi mawili ya kigeni yalipopigana kwa mizinga katikati ya mji wa watu wasiowahusu. Inataja pia Beni, Butembo, na mbali kabisa Gemena. Mtu anayeishi Himbi hapa Goma leo anaweza kuwa na haki ikiwa mwaka 2000 alikuwa Kisangani na nyumba yake ikabomoka, au ikiwa alichomewa duka Beni. Haki inafuata mahali madhara yalipotokea na nani aliyeyasababisha. Anwani ya leo haihesabiwi. Hata Kisangani kwenyewe, ambako risasi za pande mbili zilichanganyika, majaji walisema kila nchi inabeba madhara ya jeshi lake.

"Tulidai bilioni 11, wazungu wakatupa milioni 325."

Hesabu ni ya kweli: Kongo iliomba zaidi ya dola bilioni 11. Uongo uko kwenye hilo "wakatupa", kana kwamba majaji walikata kwa chuki au kwa hongo. Ukiisoma hukumu utaona kinachorudi ukurasa baada ya ukurasa: ushahidi hautoshi.

Chukua vifo. Kongo ilisema Uganda inawajibika kwa vifo vya raia 180,000. Hesabu hiyo ilitegemea tafiti za jumla za vifo vya vita nchi nzima, zinazohesabu pia waliokufa kwa malaria na njaa kwa kukosa huduma. Ni watu waliokufa kweli, na vita ndiyo iliwaua, lakini tafiti hizo hazisemi nani alikufa Bunia, nani Kindu, na kwa mkono wa nani. Mahakama iliteua wataalamu wake wanne. Mmoja wao, Debarati Guha-Sapir, alifanya hesabu yake ya vifo. Majaji hawakuikubali hiyo pia kama ilivyo. Wakaishia kusema yumkini waliokufa ni kati ya 10,000 na 15,000. Kwa wakimbizi wa ndani walikadiria kati ya 100,000 na 500,000. Ni upana wa kiasi gani! Lakini upana huo ndio unaoonyesha walikuwa wanapapasa gizani, na giza hilo si wao waliolileta.

Kongo ilipeleka fomu za wahanga. Nyingi hazikuambatanishwa na kitu: hakuna cheti cha kifo, hakuna karatasi ya hospitali, hakuna hati ya nyumba. Mtu atasema, na ana haki ya kusema: cheti gani cha kifo Ituri mwaka 2002, ofisi ya état civil ilipokuwa imeungua pamoja na karani wake? Majaji walilijua hilo. Walikubali kwamba vita huharibu ushahidi, ndiyo maana hawakuitupa kesi; walitoa kiasi cha jumla kwa kuzingatia usawa. Ila walikumbusha kwamba hukumu ya 2005 iliionya Kongo mapema kwamba italazimika kuthibitisha kila dai. Kuanzia 2005 hadi 2015 kulikuwa na miaka 10 ya kuzunguka vijiji, kuandika majina, kupiga picha misingi ya nyumba zilizochomwa, kuhoji manesi. Badala yake muda mwingi ulikwenda kwenye mikutano ya mawaziri na kutupiana tarakimu.

Wakati huo huo, baadhi ya ushahidi mzuri kabisa juu ya uporaji ulitoka Kampala. Mwaka 2001 Uganda yenyewe iliunda tume chini ya Jaji David Porter kuchunguza tuhuma za madini, na maelezo yaliyotolewa kwa kiapo mbele ya tume hiyo yakawa silaha La Haye. Mshtakiwa ndiye aliyeweka rekodi. Mlalamikaji alikuja na jumla.

Mengine yaliyokataliwa yalikuwa makubwa zaidi kwa pesa. Hasara ya uchumi wa nchi nzima, ambayo Kongo iliipa thamani ya zaidi ya bilioni 5, ilikataliwa kwa sababu hakuna aliyeonyesha ni kiasi gani kilitokana na Uganda na kiasi gani kilitokana na miaka mingi ya uchumi kuporomoka kabla ya 1998. Kusema kweli hata mimi nisingejua kuzitenganisha.

"Barabara ya Bunagana ndiyo malipo yenyewe, na askari wao wanaopigana Beni wanalipia deni."

Hapana na hapana. Mradi wa barabara za Kasindi hadi Beni, Beni hadi Butembo, na Bunagana kupitia Rutshuru hadi Goma ulizinduliwa Juni 2021, miezi kadhaa kabla ya hukumu ya fidia. Ni mkataba wa ubia kati ya serikali mbili na kampuni ya Dott Services, na Kongo nayo inachangia. Operesheni Shujaa ilianza 30 Novemba 2021 dhidi ya waasi wa ADF, kwa makubaliano ya majeshi mawili. Hakuna kifungu cha hukumu kinachosema kilomita moja ya lami inapunguza dola moja ya fidia, wala siku moja ya doria. Isitoshe, waasi wa M23 waliiteka Bunagana tarehe 13 Juni 2022. Kama barabara ile ndiyo ingekuwa malipo, Goma ingekuwa imelipwa mashimo.

"Deni lilifutana, kwa sababu Kongo nayo ilikuwa na kosa."

Nusu ya dai hili ni kweli na wengi hawaijui. Hukumu ya 2005 iliiona Kongo na hatia kwa mashambulizi dhidi ya ubalozi wa Uganda Kinshasa na kwa kuwatendea vibaya wanadiplomasia wake. Uganda ingeweza kudai. Mwishoni mwa kesi ya fidia ikatangaza rasmi kwamba inaiacha haki hiyo. Kwa hiyo hakuna kilichofutana. Upande mmoja uliacha dai lake, mwingine ukalipwa.

"Pesa yote imeliwa."

Nawaelewa wanaosema hivi. Serikali iliunda mfuko maalumu kwa amri ya Desemba 2019, Frivao, wenye makao Kisangani, upokee fidia hii na kuifikisha kwa wahanga. Kisha Septemba 2025 Cour de cassation ya Kinshasa ikamhukumu aliyekuwa waziri wa sheria, Constant Mutamba, miaka 3 ya kazi ngumu katika kesi ya karibu dola milioni 20 zilizotoka kwenye pesa hiyo ya wahanga, zikahamishwa kwa kampuni ya ujenzi kwa ajili ya gereza jipya Kisangani. Yeye alikana hadi mwisho. Gereza! Hata kama kila tofali lingejengwa, mtu aliyepoteza mguu Juni 2000 angefaidika nini na gereza?

Lakini "yote" ni neno la uvivu. Karibu milioni 20 ni karibu theluthi moja ya awamu ya mwaka mmoja. Anayesema yote imeliwa anamsaidia yule anayetaka kula iliyobaki, kwa sababu hakuna anayekagua sanduku analoamini ni tupu. Swali la maana lina namba: kila awamu ya milioni 65 iliyoingia, kiasi gani kimefika mikononi mwa nani, Bunia, Kisangani na Butembo, kwa orodha iliyobandikwa ukutani. Wahanga wa Kisangani wameliuliza kwa miaka. Wanaharakati wa Goma, wenye sauti kubwa kuliko wote nchini, wangeweza kuwapa mkono badala ya kudai fungu lisilo lao.

Hapo hapo kuna mkanganyiko mwingine wa kuondoa haraka. Frivao si Fonarev. Fonarev ilianzishwa na sheria ya Desemba 2022, inashughulikia wahanga wa ukatili wa kingono wa vita na wa uhalifu mkubwa katika nchi nzima, na inapata pesa kutoka sehemu ya mrabaha wa madini ya Kongo yenyewe. Mlango wa mtu wa Goma, wa Sake au wa Masisi uko huko. Na wale wanaosema mbabe wa vita Bosco Ntaganda ndiye aliyelipa wanachanganya majumba mawili ya mji mmoja: Ntaganda alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, CPI, inayohukumu watu binafsi, na fidia iliyoamriwa dhidi yake mwaka 2021 ni kwa wahanga wa Ituri katika kesi ile. Haina uhusiano na Uganda. Wala haigusi aliyoyafanya alipokuwa akiishi hapa Goma akijulikana kila mtaa.

"Madeni ya vita hayalipwi, hasa baada ya miaka 20."

Iraq ilimaliza kulipa fidia ya kuivamia Kuwait mwezi Januari 2022, wiki chache kabla ya hukumu yetu: dola bilioni 52.4, zilizokatwa kwenye mauzo ya mafuta yake kwa miaka 30, na tume ya Umoja wa Mataifa iliyosimamia ilitanguliza watu binafsi kabla ya makampuni na serikali. Karibu zaidi na sisi, Uganda yenyewe ilimaliza mwaka 2007 kuilipa Tanzania deni la vita ya kumwondoa Idi Amin, karibu miaka 28 baada ya mizinga kunyamaza. Mfano wa upande wa pili upo pia: Agosti 2009 tume ya madai ilizipangia Eritrea na Ethiopia kila moja kiasi cha kumlipa mwenzake, zaidi ya milioni 160 kila upande, na hakuna aliyelipa. Kule hakukuwa na awamu wala riba wala mtu wa kukata kwenye mafuta.

Nimeliacha la mwisho kwa sababu ndilo linalouma zaidi mji huu.

"Rwanda nayo ilishtakiwa, ikashinda. Mahakama iliitakasa."

Linarudiwa na wanaoipenda Kigali na wanaoichukia, wa kwanza kwa kujisifu, wa pili kwa kukata tamaa. Wote wamekosea. Kongo ilifungua upya kesi dhidi ya Rwanda tarehe 28 Mei 2002. Tarehe 3 Februari 2006 majaji, 15 dhidi ya 2, walisema hawana mamlaka ya kuisikiliza. Hawakuangalia mauaji ya Kasika na Makobola, wala kilichotokea Kisangani. Walisema tu mlango haufunguki, na katika hukumu hiyo hiyo wakaandika kwamba kukosa mamlaka hakuiondolei dola wajibu kwa matendo yanayovunja sheria ya kimataifa. Anayesoma hapo utakaso anasoma kitu ambacho hakikuandikwa.

Kwa nini mlango ulifunguka kwa Uganda na si kwa Rwanda? Kwa sababu ya karatasi ya mwaka 1963. Uganda ikiwa na mwaka mmoja tu wa uhuru ilitangaza kukubali mamlaka ya Mahakama; Kongo ilifanya hivyo 1989. Rwanda haikuwahi kutoa tangazo hilo, na ilipojiunga na Mkataba wa Mauaji ya Kimbari mwaka 1975 iliweka pingamizi kwenye kifungu cha 9, kinachowapa majaji wa La Haye mamlaka. Kongo ilijaribu kuonyesha kwamba pingamizi lilishaondolewa, majaji hawakukubali. Cha ajabu, Rwanda ililiondoa rasmi mwishoni mwa 2008, kesi ikiwa imekwisha.

Na kuna uamuzi ambao karibu hakuna anayeutaja Goma. Mwaka 2003 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ikijibu malalamiko ya Kongo, ilizikuta Burundi, Rwanda na Uganda zimevunja Mkataba wa Afrika, na ikapendekeza walipwe fidia wahanga kupitia serikali yao. Lilikuwa pendekezo, na pendekezo halina riba ya asilimia 6. Lakini anayesema hakuna chombo kilichowahi kuihukumu Kigali kwa vita ile hajui kilichoamuliwa na Waafrika wenyewe.

Sasa kuna mlango mwingine. Mwaka 2023 Kongo iliishtaki Rwanda mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, kuhusu vita vya sasa hapa Kivu ya Kaskazini. Kigali ilipinga mamlaka, kama ilivyofanya La Haye. Tarehe 26 Juni 2025 majaji wa Arusha walisema mamlaka wanayo na kesi inasikilizwa. Kilichobaki ni kiini chenyewe, na itifaki ya mahakama hiyo inaiwezesha kuamuru fidia.

Tayari nasikia wanaosema kila familia ipeleke faili lake Arusha. Haiwezekani: Rwanda iliondoa mwaka 2016 tangazo lililowaruhusu watu binafsi kuishtaki huko moja kwa moja. Anayeidai ni dola ya Kongo, na ushahidi wa mtu wa Mugunga au wa Majengo lazima upite Kinshasa. Tangu mwisho wa Januari 2025 mji huu uko chini ya AFC/M23. Hakimu, karani na polisi ambao wangepokea na kugonga muhuri kwenye fomu ya mhanga hawako chini ya serikali ile iliyofungua kesi Arusha. Waliobaki na rejista ni hospitali, parokia, makanisa mengine, shule na Msalaba Mwekundu waliozika maiti za siku zile. Kinshasa haijasema kwa uwazi ni nani kati yao atakusanya nakala, kwa fomu ipi, na zitavuka vipi.